Bipu ya Pili

Sola yangu ya kwanza niliinunua kwa Mhindi mmoja mjini Singida, muuza vipuri vya baiskeli, ambaye yeye mwenyewe hakuonekana kuiamini sana. Ilikuwa na vibao vinne vyeusi vilivyoshonewa kwenye turubai, unaikunja inakuwa kama daftari kubwa, na waya mfupi wenye pini ya kuchomeka kwenye simu. Aliitandaza barazani, simu yangu ikalia kidogo na vijiti vya chaji vikaanza kupanda. "Kuwa makini," alisema. "Sola inapenda jua, betri hailipendi. Simu ifunike." Nikaitikia kwa kichwa. Nina ugonjwa wa kuitikia mambo ambayo sijayasikia, na umenitesa tangu utoto.

Miaka ile biashara ya asali ilikuwa imeachiwa kila mwenye baiskeli na madumu. Zamani, baba alisimulia, mnunuzi alikuwa mmoja tu, chama cha ushirika, na warina asali walimsubiri mpaka asali inaganda. Sasa wanunuzi tulikuwa wengi kama nzi. Ukichelewa siku mbili unakuta mwenzako kutoka Tabora ameshabeba kila kitu. Kwetu tulikuwa watu wa kuuza vitenge sokoni, na mimi nilikuwa nimechoka kukaa nyuma ya meza kama mzigo. Nikasema nitakwenda kukaa kambini kabisa na warinaji wenyewe, siku saba, nichukue asali inapotoka mzingani.

Tatizo lilikuwa bibi. Huyu ni mama yake baba, ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne, na msimu ule kifua kilikuwa kimembana, miguu imevimba, hata kuswali anaswali ameketi. Nilimwambia nitaahirisha. Akanifukuza. "Nenda," alisema, "mimi sifi kwa kutazamwa." Lakini mimi nilimjua, na nilijua nikienda nitataka habari zake kila siku.

Ndipo tukapanga ya bipu. Waliokuwepo miaka ile watakumbuka: salio la kuongea lilikuwa kitu cha kuhesabiwa kwa sekunde, kwa hiyo watu tuliishi kwa kubipu. Unapiga, ikiita mara moja tu unakata kabla mwenzako hajapokea, na hujaliwa kitu. Kila nyumba ilikuwa na lugha yake ya bipu. Yetu tuliipanga na shangazi, aliyekuwa akimuuguza bibi na ndiye mwenye simu pale nyumbani. Kila siku, wakitoka kuswali adhuhuri, watanibipu. Bipu moja, bibi mzima, endelea na kazi. Bipu mbili, mfululizo, acha kila kitu uje. Niliirudia mbele ya shangazi mara tatu, mpaka akaniuliza kama namwona mtoto.

Kambi ilikuwa msituni, magharibi ya Sepuka, nusu siku kwa baiskeli. Msitu ule si mrefu. Ni vichaka vya miiba vilivyoshikana, vyote urefu wa mtu, vyote rangi moja ya kijivu, na ukisimama katikati yake huoni unakotoka wala unakokwenda. Warinaji walikuwa saba, Wanyaturu watu wazima, wapole, wasiosema sana na mgeni. Asali hurinwa usiku, nyuki wakiwa wamepoa. Kwa hiyo mchana wote wale walilala. Walilala chini ya vichaka, chali, kila mmoja amejifunika shuka kuanzia kichwani mpaka miguuni kwa sababu ya inzi. Mimi ndiye pekee niliyekuwa macho.

Sijui kama nitaweza kueleza hali ile. Jua la utosini, kivuli hakuna, na miili saba imefunikwa mashuka meupe, haitikisiki. Siku ya kwanza nilijikuta nawahesabu. Nikatembea kwa vidole nisiwaamshe, halafu nikaona aibu, maana nilikuwa natembea kama mtu anayepita msibani.

Mtandao haukufika kambini. Ulipatikana juu ya jabali moja, mwendo wa robo saa, la aina tunayoiona kwetu kila mahali, mawe makubwa yaliyobebana. Nilitandaza sola kwenye bega la jabali tangu asubuhi, simu nikaiacha hapo hapo ikinywa chaji. Saa saba kasoro nachomoa waya, napanda mpaka kilele, nanyanyua simu juu na kusubiri.

Siku ya kwanza iliita mara moja. Nikasubiri mpaka nikachoka mkono. Kimya. Bibi mzima. Siku ya pili vilevile. Nilishuka jabali nikiimba, na ninavyoimba mimi hata nyuki wangehama.

Lakini kuna kitu pale juu sikukipenda. Kila siku, muda uleule, kisulisuli kilitokea upande wa magharibi, nguzo nyembamba ya vumbi inayotembea peke yake juu ya vichaka bila upepo mwingine wowote. Kilikuja mpaka chini ya jabali, kikazunguka, kikapita, kikaacha sola imefunikwa vumbi. Nilimwambia mkubwa wa warinaji jioni alipoamka. "Kikipita usiongee," alisema. Nikamuuliza kwa nini. Akaendelea kusuka kamba ya mzinga kana kwamba sikuuliza. "Usiongee tu," akarudia.

Siku ya tatu simu niliikuta ya moto, siwezi kuishika bila kitambaa. Mgongo wake ulikuwa umetuna, kile kifuniko cha nyuma kimenyanyuka. Nikakibonyeza kikarudi. Vijiti vilikuwa vinne kamili, nikasema basi, ni nzima. Nikapanda. Kisulisuli kilikuwa chini yangu. Simu ikaita, ikatetemeka mkononi, jina la shangazi likawaka, halafu mwanga wote ukafa. Haikukatika kama inavyokatika siku zote. Ilizima katikati ya mlio, kama mtu ameziba mdomo wake kwa kiganja. Nikabonyeza kitufe cha kuwashia. Kioo cheusi, na ndani yake uso wangu mwenyewe.

Nikasema: bipu moja.

Siku ya nne ikawa vilevile. Vijiti vinne, mlio mmoja, giza. Siku ya tano vilevile. Nywele zilinisimama shingoni siku hiyo, nakiri, kwa sababu safari hii nilikuwa nimeifunika simu kwa kofia yangu, nimeifuta sola, nimefanya kila kitu sawasawa, na bado ikazima palepale ilipozima jana. Nilikaa juu ya lile jabali nikiisikiliza nchi. Hakuna ndege. Mawe yalikuwa yakitoa mlio mdogo wa kupasuka kwa joto, tik, na kimya, tik, na kimya, na chini kule miili saba imelala. Nilipata wazo kwamba nikishuka nitaifunua shuka moja nikute hakuna mtu.

Sasa niseme ukweli, kwa sababu nimewahi kuisimulia habari hii nikijipamba, na nimechoka kujipamba. Nilijua. Si kujua kwa uhakika, lakini nilijua kwamba simu iliyozima katikati ya bipu ya kwanza haiwezi kupokea ya pili. Mtu hahitaji shule kulielewa hilo. Ila asali ilikuwa inatoka vizuri, madumu sita yalikuwa yamejaa, na mnunuzi wa Tabora alikuwa ameonekana Sepuka. Nilitaka iwe bipu moja. Basi ikawa moja.

Siku ya sita nilipanda mapema. Kisulisuli hakikuja. Anga lilikuwa jeupe, simu ina vijiti vinne, nikainyanyua juu. Adhuhuri ikafika, ikapita. Simu haikuita. Haikuzima pia. Iliwaka tu mkononi mwangu, mtandao upo, chaji ipo, zaidi ya nusu saa nzima bila tatizo lolote, na haikutoa hata sauti.

Tulipanga maana ya bipu moja, tukapanga na ya mbili. Ya kutokuita kabisa hatukuipanga. Nikajaribu kupiga mimi, nikakumbuka sina hata senti ya salio. Wakati huo ndipo nilipoogopa kweli, na hofu yenyewe haikuwa ya mashetani wala ya visulisuli. Niliteremka lile jabali kwa makalio, ngozi ya viganja ikabaki kwenye jiwe. Nikamwamsha mkubwa wa warinaji. Alifunua shuka, akanitazama usoni, wala hakuniuliza. "Asali yako tutaitunza," alisema. "Nenda."

Sola niliifunga mgongoni, baiskeli nikaikanyaga mpaka Sepuka jua linazama. Asubuhi nikapata lori la alizeti la kunifikisha mjini. Kutoka barabarani niliona mikeka imetandikwa nje ya nyumba yetu na wanaume wameketi, viatu vimepangwa pembeni. Mzee wa jirani alinyanyuka akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Walikuwa wamemzika jana alasiri.

Shangazi alikuwa chumba cha ndani na wanawake. Aliponiona alitoka, tukasimama uani karibu na mapipa ya maji.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba." Hakunipa mkono. "Umeshafufuka?"

Sikuelewa.

"Siku tatu," alisema. "Siku tatu tunakubipu mara mbili, kama ulivyotufundisha mwenyewe, mpaka ukatukaririsha kama watoto wa madrasa. Ya kwanza inaita vizuri. Ya pili umeshazima simu. Tukirudia, umezima. Jana alfajiri ametutoka, tukanunua vocha kabisa, tukapiga asubuhi ileile, umezima. Unaona jina langu, unazima. Ni asali gani hiyo?"

Nikaitoa simu mfukoni nikafungua mgongo wake. Betri ilichomoza yenyewe, imevimba kama kidole kilichogongwa na nyundo. Nikamweleza. Sola, joto, mlio mmoja, giza. Aliishika ile betri, akaigeuza, akaitazama muda mrefu. Shangazi alikuwa mtu wa haki. Hasira ikamtoka usoni, na ningependa isingemtoka, maana sikumweleza ile sehemu ya kujua.

Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Akasema, "Basi hujui aliyekuwa akikubipu."

"Si wewe?"

"Mimi nilitafuta namba tu. Kubonyeza alibonyeza yeye. Alisema ni mjukuu wake, atambipu mwenyewe. Tangu siku ya kwanza."

Bibi hakuwahi kuwa na simu maishani mwake. Siku ya tatu, alisema shangazi, alipobanwa na pumzi, alisema mwenyewe, leo mbili, mwiteni. Akabonyeza ya kwanza, ikaita, akakata akiwa anatabasamu. Akabonyeza ya pili, akaiweka sikioni. Badala ya mlio akasikia sauti ya mwanamke, laini, yenye adabu, ikimwambia mteja anayempigia hapatikani kwa sasa.

"Akaniuliza, nani huyu? Nikamwambia mama, si mtu, ni mashine ya kampuni. Akakataa. Akasema mashine haiwezi kuwa na heshima namna ile. Akasema, 'Mume wangu ameoa huko porini na hakuniaga.'"

Nilicheka. Niliwasikia wanawake wa ndani wananyamaza. Bibi aliniita mume wangu siku zote, kama mabibi wote wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kiume, na nilikuwa kama namsikia akisema hayo.

"Siku ya nne akamsalimia," shangazi aliendelea. "Huyo mwanamke. Akamwambia, mke mwenzangu, mpe simu nizungumze naye. Yule anarudia maneno yaleyale, mama anasubiri amalize, anamwomba tena. Nikataka kumnyang'anya simu. Nikashindwa."

"Na siku ya tano?"

Shangazi alijifuta macho kwa pindo la khanga.

"Siku ya tano hakuomba simu. Pumzi ilikuwa ndogo. Alimwambia, 'Mwanangu, sina ugomvi na wewe. Huyu akiwa safarini hali chakula. Usimuulize kama ana njaa, atakwambia hapana. Mwekee tu mbele yake ale.' Halafu akanirudishia simu. Akaniambia, usimpigie tena, tunamsumbua, yuko na mtu."

Wanawake walianza tena kusoma Kurani ndani. Mimi nilibaki uani na ile betri mkononi. Nilitaka awe alinikasirikia. Kwa hasira ningejua pa kuanzia, ningeomba radhi kaburini, ningelia nikamaliza. Yeye alikufa ameridhika, amenikabidhi kwa sauti ya simu, na mimi wakati huo nilikuwa juu ya jabali najidanganya nipate dumu la saba.

Sasa nina umri ambao na mimi naitwa babu. Bado inatokea nimpigie mtu nikutane na yule mwanamke, au binti yake, sijui, sauti zao zinafanana. Wengine hukata haraka. Mimi namsikiliza mpaka amalize yote, hata yale ya kunitaka nijaribu tena baadaye. Halafu, kama hakuna mtu karibu, namwambia kwamba nimekula.