Kengele ya Tarishi

Miaka ile ya hamsini, tarishi wa ofisi ya Mzungu pale Garsen hakupenda kupiga kengele ya baiskeli yake. Juu ya tuta la kando ya mto njia ilikuwa moja, ya baiskeli na ya miguu. Akimkuta mama mwenye vibuyu vya maziwa, alikohoa kidogo, akashuka, akaisukuma baiskeli ukingoni. Kengele aliizungushia kitambaa tangu siku alipoipiga na ng'ombe wa Jillo, mfugaji wa hapo, wakamfuata hadi ofisini, wakidhani ni kengele ya shingoni ya ng'ombe wao wa mbele. Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Kisha mto ukafurika. Kutoka tutani tuliwaona ng'ombe hao hao wamekwama bondeni, maji yakiwafika tumboni, na Jillo akiwaita mpaka sauti ikamkauka. Tarishi akakunja suruali yake ya kaki, iliyopigwa pasi kama kawaida.

"Nishikie mfuko wa barua," aliniambia mimi niliyesimama karibu naye.

Akaisukuma baiskeli hadi majini, akafungua kitambaa taratibu, akapiga kengele. Akageuka kurudi, akipiga bila kutazama nyuma. Walimfuata wote. Jillo alipoanza kumshukuru, tarishi alikuwa anafunga tena kitambaa.

"Waondoe njiani," alisema. "Watu wapite."