Wimbo Niliompa Mgeni

Hili sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, na mlango niliufungua kwa mkono wangu. Najua ukisikia Sumbawanga utacheka na kusema ndiyo mambo yetu hayo ya uchawi. Sawa, ila cheka ukishamaliza kusoma.

Tunakaa mtaa wa Chanji, hapa hapa mjini, mimi na mama. Baba alipofariki alituachia santuri zake za dansi, mashine ya kuzipigia na spika mbili, moja inakoroma. Mimi ni fundi cherehani. Jumapili baada ya misa nilikuwa nafungua sebule, na yeyote mwenye santuri anayoipenda alikaribishwa aje nayo tuisikilize pamoja. Wengi walikuja mara moja wakachoka. Akabaki Baba Salma, mwenye duka la jirani, na taarabu zake, akimkemea kila anayethubutu kukohoa.

Lakini sababu yangu hasa ilikuwa mama. Mama amesahau. Hanijui, hajui nyumba, siku nyingine ananiogopa. Ila kulikuwa na wimbo mmoja, ule ambao baba alipenda kuupiga akitoka shambani. Likianza tu gitaa la mwanzo, mama ananigeukia, ananiita jina langu, kisha ananiuliza kama nimekula. Wimbo ukiisha, na yeye ameshaondoka tena. Niamini, wiki nzima nilikuwa naishi kwa ajili ya dakika hizo. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Basi, Jumapili moja mchana tukasikia hodi. Alikuwa mzee mmoja mwenye koti refu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, njia yetu yote tope tupu, na viatu vyake vilikuwa vikavu. Nililiona hilo, nikajiambia labda gari limemshusha hapo mlangoni. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, akasema anatokea njia ya Matai na amesikia kwamba hapa watu hushirikiana nyimbo wanazozipenda. Mikononi hakuwa na kitu. Baba Salma akamtania kuwa asiye na santuri anaimba mwenyewe. Mzee hakucheka. Alikwenda moja kwa moja alipokaa mama, akainama, akamwamkia shikamoo. Mtu ambaye kwa umri angeweza kumzaa mama. Na mama akaitikia marahaba.

Nikampa kiti, nikaweka ile santuri ya mama. Gitaa likaanza. Kabla mama hajanigeukia, mgeni akauliza, "Huu wimbo ni wa nani?"

Sasa niambie, mgeni akipendezewa na kitu chako unamjibuje? Si ndivyo tulivyolelewa? Nikacheka, nikamwambia, "Ni wako, mzee. Hapa ni nyumbani."

Akasema asante, taratibu, kama mtu aliyekabidhiwa kitu mkononi.

Mama akageuka. Hakunigeukia mimi. Alimtazama yule mzee kwa macho yale yale niliyokuwa nikiyangoja wiki nzima.

"Mwanangu, umekula?"

"Bado, mama."

Mama hanyanyuki bila kushikwa, lakini siku hiyo alinyanyuka mwenyewe, akaenda jikoni, akarudi na bakuli langu la uji wa ulezi akampa. Mgeni akaunywa wote. Nilipiga magoti mbele ya mama, nikamwita, nikamwambia mwanao ni mimi. Akanisukuma pembeni ili amwone vizuri. Wimbo ulipoisha, mgeni alifuta mdomo, akaaga kwa adabu, akatoka. Baba Salma alimfuata hadi mlangoni amwone anaelekea wapi. Aliporudi alikusanya santuri zake bila kunitazama usoni, na hadi leo hajaniambia alichokiona. Ananisalimia akiwa ng'ambo ya barabara.

Nimehangaika. Padri alikuja kumwombea mama, daktari akasema ni uzee tu. Nilikwenda hadi Matai kuulizia, nikamweleza mtu huyo kwa sura na kwa koti lake, wakanishangaa. Santuri ninayo bado, haina hata mkwaruzo. Nikiipiga, mama anatazama mlango. Jumapili iliyopita niliipiga tena, kwa sababu sijui la kufanya lingine. Mama alinitazama kwa upole sana. Akaniambia mimi ni mfanyakazi mzuri, na kwamba mwanawe akirudi atamwomba asinifukuze.

Nimechoka. Sina matumaini, na sitakudanganya kwamba ninayo. Ila wewe unayesoma, kama nyumbani kwako kuna kitu kimoja kinachowafanya watu wako wakujue, na mgeni akakuuliza ni cha nani, mjibu kuwa ni chako. Atakuona mchoyo. Mwache akuone.