Spoki Thelathini na Tano

Nthenya alijua kupima mkazo wa uzi kabla hajajua kusoma. Kule kwao Zombe, mama yake alikuwa akimpa kiondo kilichoanzwa, anamwambia afumbe macho, apitishe kidole kwenye nyuzi za katani, aseme ni upi umelegea. Akikosea, kazi ya siku nzima inafumuliwa. Shule aliiachia darasa la saba, lakini vidole havikusahau. Ndiyo sababu mwaka ule wa themanini na tatu, mumewe Kilonzo alipotaka kuchagua magurudumu ya baiskeli, alimwambia amfunge mtoto mgongoni, waende Mutomo pamoja.

Baiskeli yenyewe haikuwa hizi nyeusi za kubebea magunia. Ilikuwa ya resi, usukani umepinda kama pembe za kondoo dume. Kilonzo aliachiwa na daktari mmoja wa misheni aliyerudi kwao, na kazi yake ilikuwa kupeleka chanjo kwenye zahanati za ndani, sanduku la barafu limefungwa nyuma. Surua ilikuwa imeingia vijijini. Watoto wawili walikuwa wamekwisha kuzikwa ng'ambo ya mto. Magurudumu ya zamani yalipopinda, Kilonzo aliazima ya chuma, akatoka jasho mpaka kwenye viatu, akafika saa saba mchana barafu ikiwa maji ya vuguvugu. Muuguzi alimwaga chanjo yote chini, akina mama wakitazama. Alhamisi ndiyo ilikuwa safari ya pili, na leo ni Jumanne.

"Ukichukua mazito, dawa inakufa njiani," alisema fundi Jabiri, dukani kwake Mutomo. "Ukichukua mepesi ya ovyo, unakufa wewe. Chagua msiba."

"Wewe fundi, kwani huna maneno mazuri?" Kilonzo alimwambia.

"Maneno mazuri nilimaliza nikiposa."

Jabiri alikuwa mjukuu wa watu wa pwani waliofika Mutomo na biashara wakabaki. Alimtazama Nthenya, akacheka. "Na leo umeniletea mkaguzi! Shemeji, ungo wako uko wapi, utupepetee?"

Nthenya alitabasamu tu. Jua lilikuwa utosini na barabara ilikuwa tupu, hata mbuzi walikuwa wamejificha. Jabiri akatoa jozi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya chuma, spoki thelathini na sita nene, gurudumu la kuangusha ng'ombe. Ya pili ilikuwa na rimu za alumini. Kilonzo aliinua moja kwa kidole kimoja.

"Hii ndiyo!" akasema.

Jabiri akaliweka gurudumu la nyuma kwenye uma wa baiskeli, akalizungusha. Likazunguka bila kelele. Likazunguka mpaka wakachoka kulitazama. Mwishowe lilipunguza mwendo, likarudi nyuma kidogo, likaenda mbele kidogo, likasimama. Akalizungusha tena. Likasimama palepale. Mara ya tatu, palepale, spoki ileile ikielekea chini kama kidole kinachoonyesha kitu mchangani.

Nthenya akafumba macho. Akapitisha ukucha kwenye spoki, moja baada ya nyingine, zote zikalia sauti moja nyembamba. Ile ya chini haikulia. Ilikuwa kama kugonga mti mkavu.

"Hii si ya hapa," akasema.

Fundi akaacha kucheka. Alijifuta mikono kwa kitambaa, polepole, vidole vyote kumi.

"Haya ni ya Nzuki," alisema.

Nthenya alimjua Nzuki, kila mtu alimjua. Alikuwa mshindani wa baiskeli, na mwaka uliopita alikutwa amelala maiti kwenye mteremko wa barabara ya Ikanga, mwilini hana hata mkwaruzo. Baiskeli ilikuwa imeegemea kichaka cha miiba. Waliofika kwanza walisema gurudumu la nyuma lilikuwa bado linazunguka.

"Mkewe aliniletea mwenyewe," Jabiri aliendelea. "Lakini kwenye gurudumu la nyuma aling'oa spoki moja akabaki nayo. Nikapachika hii nyingine, haifanani. Aina ya ile yake sijaiona mahali popote."

Kilonzo hakuona ajabu. Mtu akiuza mbuzi hubaki na kamba, ili baraka ya zizi isifuate mnunuzi. "Lakini hiyo ni kwa mbuzi," akasema. "Gurudumu utalibakishiaje kamba?"

"Muulize yeye. Mimi najua hili tu: Ijumaa nafunga duka, naenda msikitini. Nikirudi, nalikuta linazunguka. Najiambia ni upepo. Na dirisha sina."

"Sisi ni watu wa kanisa, fundi. Funga, niende zangu."

"Baba Mutindi," Nthenya akamwambia mumewe kwa sauti ya chini, "uzi mmoja ukilegea, kiondo chote kinaenda upande. Usilifunge hivyo. Nipe mpaka kesho."

Jumatano alienda kwa Syokau, mjane wa Nzuki, ambaye boma lake lilikuwa juu ya mteremko uleule. Alimkuta kivulini mwa nyumba akisokota katani pajani. Spoki ilikuwa imechomekwa ardhini kando ya mlango, inang'aa. Ilionekana ilikuwa ikisuguliwa kila siku.

"Mwaitu," Nthenya alimwita, kama mtu anavyomwita mama yake, "nimekuja kuomba hiyo. Mume wangu anapeleka dawa ya watoto."

Syokau hakuacha kusokota. "Niliibakisha ili asipotee. Nikiuza safari yake yote, atarudi kwa nini? Hata mbuzi huendi naye na kamba ya mwenyewe." Akainua macho. "Ichukue, mama. Lakini ujue unachukua na anayeifuata."

Nthenya alinyoosha mkono. Hapo ndipo aliposikia njiani, nyuma ya ua, ule mlio wa baiskeli inayoserereka bila kukanyagwa: tik-tik-tik-tik. Uliingia uani. Hakukuwa na baiskeli. Hata vumbi halikutikisika. Syokau akavuta kigoda chake pembeni, bila haraka, kama unavyompisha mtu wa nyumbani.

Mgongoni, Mutindi, mtoto wa miezi minane, aligeuza shingo. Nthenya aliihisi ile shingo ndogo ikigeuka taratibu, kutoka langoni hadi mlangoni, ikifuata kitu. Kisha mtoto akacheka.

Nthenya akarudisha mkono.

"Kaa nayo, mwaitu."

Alitembea upesi mpaka Mutomo, hakugeuka nyuma, na akilini alikuwa akifumua na kusuka. Rimu nyepesi haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa ni spoki zisizolingana. Alipofika dukani, alichukua spoki moja ya gurudumu la chuma akaipima na ya alumini: zilipishana kwa upana wa kucha tu.

"Fundi, ng'oa zote," akasema. "Rimu za Nzuki, spoki za chuma. Zote thelathini na sita ziwe ndugu."

"Utaongeza uzito kidogo."

"Kidogo anaweza kubeba."

Jabiri alifunga, Nthenya akapima kwa kidole, "hii legeza, hii kaza," mpaka zote zikalia sawa. Walipolizungusha, gurudumu lilisimama hapa, mara pale, mara popote, kama gurudumu lolote. Kilonzo alipofika, alilikanyaga kwa guu zima, halikupinda. Spoki za zamani, thelathini na tano za gurudumu la nyuma, Nthenya alizifunga kwa katani, akazitia kwenye kiondo. Nzuki apewe zake zote, alifikiri. Apate kutulia.

Alhamisi Kilonzo aliondoka alfajiri. Jua lilipopanda, Nthenya alifika kwa Syokau na kiondo. Mjane alizipokea kwa mikono miwili, akazihesabu, akang'oa ile ya mlangoni akaiweka pamoja nazo. Akageuza sikio upande wa njia.

"Mumeo amepita hapa saa moja," akasema. "Walipita wawili."

"Na nani, mwaitu?"

"Leo yeye hakuingia." Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa ya mtu aliyeachwa. "Amepata wa kwenda naye."

Nthenya alirudi nyumbani akikimbia, mtoto akiruka mgongoni. Akakaa njia panda, mbele ya nyumba yao. Alijaribu kuomba, maneno ya kanisani yakakatika katikati. Ilipita saa sita. Ikapita saa nane. Akawaza: mimi ndiye niliyesema rimu za Nzuki, si mwingine.

Saa tisa hivi alimwona, kwanza vumbi, halafu kofia. Kilonzo alishuka, uso wote mweupe kwa vumbi, meno nje kwa furaha.

"Saa nne nilikuwa nimefika, mama Mutindi! Barafu bado ni mawe. Wamechanjwa wote, mpaka wa ng'ambo ya mto. Na gurudumu, halikulia hata mara moja. Lete maji."

Miguu yake ilikuwa mizima. Mikono ilikuwa mizima. Nthenya alimgusa shavu, akashukuru, akaingia ndani kuchota. Kilonzo alikunywa kikombe chote bila kupumua, akamrudishia, kisha akageuka kidogo kutazama pembeni mwake, pale njia ilipokuwa tupu.

"Na huyu mwenzangu, hutampa?"

Mgongoni, Mutindi alikuwa ameanza kucheka.

 Nthenya aliingia ndani tena, akachota kikombe cha pili.