Ndagala na Ufufuo

Juzi, sokoni Bwiza, harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, ilinipiga puani, nikatema mate. Ilikuwa ileile ya mchana ule wa utotoni, siku chache baada ya wauaji kumtupa baba mdogo ziwani na mwili usionekane. Bibi, mama yake mzazi, alitufariji tukila: Yesu atamfufua mzima, hata ukucha hautapungua. Nilitazama sahani, vijicho vyeupe vikielea kwenye mawese, nikatapika mkekani.

“Kula, mutoto wangu,” bibi akasema.

“Apana, bibi. Hawa wamekula baba mudogo. Tukiwakula, atafufuka na nini?”

Leo najua ndagala hawali watu, na Mungu hashindwi na samaki. Najua, na bado siwali.

Bibi siku ile alikuwa na tonge mdomoni. Aliacha kutafuna. Hakumeza, hakutema.