Dawa ya Nyanya Zisizoumwa

Chuoni niliona kwa macho yangu. Bakteria walikuwa wametanda kwenye kisahani cha maabara kama utando wa maziwa, lakini pale tulipokuwa tumedondosha maji yenye shaba palibaki duara safi. Nilirudi kwetu Nambale nikiamini nimebeba jibu la nyanya za mama.

Msimu uliotangulia ugonjwa wa ukungu, ambao shaba huuzuia pia, ulizimaliza zote. Baba alikuwa amesema wazi: zikifa tena, shamba linapandwa miwa.

Nilinunua pakiti ya unga wa buluu wa shaba mjini Busia, mpakani na Uganda. "Tunyunyize leo," nikamwambia mama.

"Kwani nani anaumwa hapa?"

"Hakuna. Hii dawa inakaa juu ya jani. Ukungu ukishaingia ndani, haiufikii."

"Wewe ukiwa mzima unameza dawa ya malaria?"

Jirani aliyekuwa akipalilia upande wa pili wa ua akacheka. "Boss, hiyo digrii inaona mpaka ugonjwa wa kesho?"

Pakiti ikakaa juu ya kabati. Kisha mvua ikanyesha siku nne mfululizo, na asubuhi ya tano majani ya chini yalikuwa na mabaka meusi, kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Sasa mama ndiye aliyeharakisha. Kwetu dawa hupimwa kwa vifuniko vya soda, viwili kwa pampu moja ya kunyunyizia. Yeye alitia vitano, kwa sababu ugonjwa ulikuwa mkubwa, akaongeza dawa ya wadudu na mbolea ya majani ili apite shambani mara moja tu. Nilipiga kelele bure.

"Mchuzi hauharibiwi na viungo," alisema.

Siku ya tatu, hata majani ambayo ukungu haukuyagusa yalikuwa yameungua.

"Hiyo ni feki ya Uganda," jirani akahukumu.

Nilimuuliza mama, kwa hasira, kwa nini hakunisikiliza.

"Mwaka jana nilipiga dawa mapema, hivyo hivyo unavyosema. Jioni mvua ikaiosha yote. Uliniuliza?"

Sikuwa nimeuliza. Mimi ninayewahoji hata wahadhiri na wahubiri! Na maabara haina mvua.

Jumamosi baba alianza kung'oa nyanya pamoja na vijiti vyake kuanzia upande wa barabara. Mama akanituma nimwombe aache mistari miwili ya juu, iliyokuwa bado na majani mabichi machache. Nilimwomba.

"Una uhakika zitapona?"

Nikasema sina. Akaendelea kung'oa.