Albamu ya hip hop iliyomweka macho shemeji yangu barabara ya Mbeya–Iringa

Wakuu, poleni na majukumu. Haya nimeyaona mwenyewe nikiwa kiti cha mbele, siongezi chumvi wala sipunguzi.

Kuna mdau aliuliza humu kwa nini watu wanasifia albamu za hip hop zenye biti za kila aina, wakati msanii angeweza kuchagua staili moja akatulia nayo. Nilianza kumjibu kwenye comment nikaona haitoshi. Jibu langu lina msiba, gari na mama yangu mzazi.

Tulikwenda Mbalizi kumzika mjomba. Kurudi Iringa tulipanda Noah ya shemeji, mume wa dada yangu mkubwa. Humu nitamwita Baba Neema kama mama anavyomwita. Mbele tulikaa mimi na yeye, nyuma mama na wadogo zake wawili. Dada alibaki msibani.

Wanaojua misiba ya kwetu wataelewa hili: mkwe hakai kwenye kiti. Baba Neema alikesha kwenye moto na wanaume, asubuhi akashika sululu kaburini, jioni akapasua kuni, usiku uliofuata akakesha tena. Nilimwambia aingie garini alale hata kidogo.

Akanicheka. "Nilale ili hao mama zako wadogo wapate cha kusimulia mpaka Krismasi?"

Na kulipokucha yeye ndiye dereva. Mimi hata kuendesha sijui.

Kitu kingine. Kwetu, mkwe na mama mkwe hawasemeshani ovyo. Baba Neema akitaka kujua kama mama anasikia baridi, ananiuliza mimi. Mama anajibu kupitia mimi, na wote tumo gari moja, wanasikiana vizuri kabisa. Nimeshazoea.

Chimala tukasimama kula. Wali wa Chimala mnaujua. Baba Neema alikula sahani yake na nusu ya yangu, tukaondoka.

Redioni tulikuwa tumeweka kwaya za maombolezo, sauti ya chini, kwa heshima ya msiba. Nyimbo nzuri, ila zote mwendo mmoja. Nyuma wakanyamaza. Jua la mchana, tumbo limejaa, barabara imenyooka.

Nilianza kuona dalili moja moja. Kwanza aliacha kunijibu utani. Kisha akawa anakodoa macho kama mtu anayesoma bango la mbali. Kisha akapepesa, na macho yakachelewa kufunguka.

Tairi za kushoto zikashuka kwenye changarawe. Akarudisha gari barabarani, akakohoa kama vile hakuna kitu.

"Shemeji, tusimame," nikamwambia kwa sauti ya chini.

"Tusimame tufanye nini?"

"Ulale."

"Nani kakwambia nina usingizi? Macho yanawasha tu, moshi wa msibani ule. Mama yako ana presha, anataka afike kwake. Nimweke porini, mimi nikorome? Nitakuwa mkwe gani?"

Wakuu, niliogopa. Malori yanayokwenda mpakani yalikuwa yanapishana na sisi, na kila likipita Noah inayumba. Nilijikuta nakanyaga breki ambayo haipo miguuni kwangu.

Nikawaza kuongea naye, lakini alikuwa hajibu tena. Ndipo nikakumbuka kwenye simu nina albamu mpya ya kijana mmoja wa Mbeya. Sitamtaja, msije mkasema napiga promo. Nilikuwa sijaisikiliza.

Hip hop, tumetoka kuzika, mama yuko nyuma. Nikageuka: wote macho wamefumba. Nikaunganisha simu.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa kizamani, ngoma nzito na kinanda, jamaa anatema mistari bila haraka. Baba Neema akakaa vizuri.

Wa pili besi ya kutikisa milango. Wa tatu ukakimbia kama singeli, anarap mpaka unajiuliza anapumulia wapi. Baba Neema akacheka. "Huyu kafukuzwa na mbwa?"

Kisha kiitikio cha Kinyakyusa juu ya ngoma za asili. Kisha tarumbeta. Kisha biti ikakatika kabisa, jamaa akabaki na sauti yake tu, anasimulia jinsi baba yake anavyouza mahindi ya kuchoma Uyole. Gari zima likawa kama limesimama kumsikiliza.

Hapo ndipo nilipopata jibu la yule mdau. Biti ya aina moja sikio linaizoea, linaacha kusikia. Hii ilikuwa kila ukitaka kuizoea inageuka, na wewe unabaki unataka kujua inayofuata. Shemeji alikuwa hakeshi kwa nguvu zake. Alikuwa anangoja wimbo unaofuata.

Makambako tukapita salama. Nikaomba tena tusimame, akakataa tena.

Kabla ya Mafinga mvua ikaanza, na ukungu ukashuka mpaka misonobari ya pembeni ikawa vivuli. Ndipo ukaja wimbo wa gitaa. Gitaa moja, polepole, binti anaimba kama anabembeleza mtoto.

Nikapeleka mkono niuruke.

"Acha," akasema Baba Neema. "Huu mzuri."

Ulikuwa mzuri kweli, na hilo ndilo lililoniogopesha. Nikamtazama. Mikono ipo kwenye usukani. Kidevu kinashuka taratibu, kinafuata gitaa.

Taa za lori zikatoka kwenye ukungu. Sisi tulikuwa upande wake.

Nyuma nikasikia sauti ya mama: "Mwambie mkwe wangu..."

Hakumaliza. "Fanueli! Fanueli, amka!"

Sijawahi kumsikia akimtaja jina. Baba Neema alishtuka kwa lile jina kuliko kwa honi. Akavuta usukani, lori likapita linapiga kelele, maji yake yakafunika kioo chetu. Tukasimama kwenye nyasi, pua ya gari imeelekea msituni.

Nilizima simu. Shemeji akazima gari.

Mama akavua kitenge chake cha msiba, akanipa mimi. "Mwambie ajifunike, alale. Hatuondoki hapa mpaka aamke mwenyewe."

Akalala palepale kwenye usukani, wala hakubisha.

Nikamwuliza mama kama alikuwa amelala.

"Nilale vipi? Ulipogeuka nilifumba macho tu. Tangu Chimala namwangalia kwenye kioo. Huyo kijana wako akibadilisha wimbo, mkwe anakaa sawa. Lilipoingia gitaa nikajua tumekwisha."

"Sasa mama, mbona ulinyamaza?"

"Mkwe wangu huyo. Ningeanzia wapi?" Akafuta kioo kwa kiganja, akawa anaangalia malori yanavyopita.

Wakuu, funzo nililobaki nalo ni hili. Albamu yenye ladha nyingi ni tamu kwa sababu hujui inakupeleka wapi, na kwa sababu hiyo hiyo usiikabidhi roho za watu. Dereva aliyekesha msibani alazwe, awe mkwe au asiwe, hata kama watamsema.

Waliowahi kukaa kiti cha mbele na dereva wa namna hii, nyie mlifanyaje? Karibuni mnishauri, maana mwezi ujao tunarudi Mbalizi kwenye arobaini, na dereva ni huyo huyo.