Semina Haikufika kwa Benchi

Siku ya kwanza kazini nilipewa ndoo, fagio na matusi. Matroni wa wakati huo alikuwa mwanamke mfupi, akiongea ni kama anakata uzi na meno. "Wewe. Jina. Umesoma wapi?" Nikamwambia sijasoma. "Vizuri. Wenye wamesoma wananisumbua. Fagia." Nikafagia wodi ya akina mama mpaka nikajua kila ufa wa ile simiti.

Hospitali sitaitaja. Bado natibiwa presha huko na sitaki kudungwa sindano ya hasira.

Kutoka wodi nikapelekwa chumba cha macho. Si kwa sababu nilikuwa hodari wa kufagia. Ni kwa sababu ya mdomo. Klinikal ofisa wa macho, yule wa kwanza, alitoka mbali, hakujua lugha ya mtu hapa. Mimi nina Kikhayo ya nyumbani Mundika, nina Ateso ya sokoni, na Kiganda ya kugombania bei na wale nyabo, akina mama wa biashara wa ng'ambo ya mpaka, Uganda. Basi nikawa mdomo wake. Nyinyi mnaosomea macho siku hizi mko na karatasi ya kila kitu. Sisi tulikuwa na benchi. Watu wanakaa kwa benchi, mimi napita na tochi, naangalia nani aingie leo na nani arudi nyumbani. Mimi, mtu wa fagio. Hakuna aliyeandika hiyo kazi mahali, lakini hakuna mgonjwa alifika kwa daktari kabla hajapita kwangu.

Huyo ofisa wa kwanza, mzee, alinifundisha mwenyewe. Alikuwa anavuta maneno kupitia pua, pole pole, mpaka unataka kumsukuma kwa nyuma. "Maaama Nabwire. Mulika hapa katikati, kwa ile nyeusi. Ukiona nyeupe kama maziwa, huyo mtoto wa jicho amekomaa, mlete. Ukiona ni moshi moshi tu, hajakomaa. Mwambie arudi nyumbani angojee." Wakati huo alisema ukweli. Ile kitu ndani ya jicho, lenzi, walikuwa wanaitoa nzima nzima, na ikiwa laini inasumbua kutoka. Halafu mgonjwa analala na mifuko ya mchanga huku na huku ya kichwa, asigeuke, siku nyingi, na akitoka anapewa miwani nene kama chini ya chupa. Kwa hivyo tulingojea ikomae. Nikajua hiyo neno kwa lugha zote tatu. Nikaisema Khunyangu siku ya soko, nikaisema Adungosi kwa kanisa, nikaisema kwa harusi ya watu.

Yule mzee akaenda zake. Akaja wa pili.

Huyu alikuwa kijana, amesomea kupasua mtoto wa jicho, mkono yake safi kabisa, hiyo siwezi kumnyima. Anakata kidogo, anatoa ile chafu, anaweka lenzi mpya, kesho mtu anaenda nyumbani anaona kuku zake. Mchanga ikatupwa. Lakini mdomo yake sasa, imejaa Kiingereza. "Besikali mama, mimi Jumatatu niko semina. Aktuali wiki yote." Semina ya kisu mpya. Semina ya presha ya macho. Semina ya kufundisha wenye wanafundisha. Akirudi anabeba begi mpya na cheti, anapigilia cheti kwa ukuta, na mimi ndiye napanguza vumbi kwa hiyo kioo. Nilipanguza elimu ya huyo mtu miaka, na hata neno moja haikuniangukia.

Mimi niliendelea na tochi yangu. Moshi, rudi nyumbani. Maziwa, ingia.

Sasa kuna mama alikuwa anaitwa Mama Emase. Mteso wa Adungosi, anachambua njugu pale Malaba, karibu na mahali malori hungojea kuvuka. Ni kazi ya macho hiyo. Unakaa na ungo, unatoa mawe, unatoa zile zimeoza, na mwenye mzigo amesimama juu yako kama askari. Alikuwa rafiki yangu, tukikutana ni salamu ya Ateso na matusi tu. "Yoga, wewe mwanamke wa fagio." "Yoga, wewe panya ya njugu." Akaja kwa benchi, jicho ya kulia ina ukungu. Nikamulika. Moshi. Nikamwambia haijakomaa, rudi. Akarudi mwaka iliyofuata. Bado kidogo, nikamwambia. Akaniuliza, "Nitachambua njugu na nini, na pua?" Nikacheka. Nikamwambia ako na ingine, atumie hiyo.

Mara ya tatu aliletwa na pikipiki, kichwa amefunga na leso, anatapika. Siku nne alikuwa anakunywa dawa ya malaria juu mtu wa duka la dawa alisema kichwa na kutapika ni malaria. Nikafungua leso. Jicho ilikuwa nyekundu kama nyanya, imevimba, na ngumu ukigusa.

Daktari alimpima, halafu akaongea kwa ile sauti yake ya haraka. "Hii imekomaa ikapita. Imevuja ndani, presha imepanda, imeua ule mshipa unapeleka picha kwa kichwa. Sasa hata nikipasua haoni tena na hii. Mama, kwa nini ulingoja? Kwa nini nyinyi watu mnangojanga?"

Mimi ndiye nilikuwa natafsiri. Nilitafsiri. Mama Emase akanigeuzia ile jicho ingine, akaniangalia kama mtu anaangalia ungo, muda mrefu. Angeweza kusema, "Ni huyu." Daktari alikuwa hapo, kalamu mkononi. Hakusema.

Mama Emase alipotoka nikamfuata daktari kwa dawati. Nikamwambia, "Daktari, si tuliambiwa wangoje ikomae."

"Ikomae? Aktuali hiyo maneno iliisha kitambo, mama. Siku hizi mtu akishindwa kufanya kazi yake na hiyo jicho, tunapasua. Hata kama ni moshi."

"Iliisha lini?"

"Kabla nije hapa. Na kwa semina tumerudia mara nyingi."

"Na nani aliniambia mimi?"

Akanitazama vile unatazama kiti imeongea. "Hiyo semina si ya watu wa usafi, mama."

Sikulia. Nilishika fagio nikafagia mahali nilikuwa nimeshafagia. Nilikuwa nahesabu sura. Yule fundi wa baiskeli wa Adungosi. Yule mama wa Butula mwenye hakurudi tena. Wangapi niliwarudisha na mdomo yangu mzuri, lugha tatu? Na daktari huko ndani, akiona wote wanaomfikia wamekomaa mpaka wameoza, anafikiri ni tabia ya watu wa mpaka. Hakuwahi kutoka atembee hatua kumi mpaka kwa benchi aone ni nani anawarudisha.

Halafu ikaja ile semina ya utetezi. Waliletwa walimu wa kufundisha madaktari wa macho vile wataongea na wakubwa wa kaunti, ili macho iingie kwa mpango, watu wengine wapelekwe kusomea upasuaji. Ni kitu nzuri, siipingi. Daktari moja hawezi kupasua kaunti mzima. Ilikuwa hoteli ya Busia, vitambaa nyeupe kwa viti, na siku ya mwisho wakaalikwa wenye kupitisha mambo, pamoja na mheshimiwa moja wa kamati ya afya. Walitaka wagonjwa wawili waliopona wasimame waonekane. Mimi nikaambiwa niwashike mkono niwapeleke, halafu nikae nyuma.

Nikakaa nyuma. Daktari wangu akasimama, suti, akawasha ile mashine ya picha. Picha ya kwanza, mgonjwa wa benchi yangu, nilimjua, jicho nyeupe kabisa. Akasema, "Waheshimiwa, wagonjwa wetu wa mpakani wanachelewa. Sababu ya kwanza, ujinga. Ya pili, waganga. Ya tatu, uoga." Ilikuwa imeandikwa kwa ukuta kubwa hivyo, akagusa neno moja moja na kijiti ili mwenye hajasoma pia asikose.

Nikasimama. Hakuna aliyeniita.

Nikasema, "Mheshimiwa, hiyo jicho kwa ukuta, mwenyewe alikuja mapema. Mimi ndiye nilimrudisha. Nilimrudisha kwa sababu daktari wa zamani alinifundisha hivyo, na huyu wa sasa alijua imebadilika na hakuniambia. Amejua miaka yote. Vyeti ziko kwa ukuta, mimi ndiye nazipanguza. Kwa hivyo hiyo ya kwanza, ujinga, aandike ni wa nani."

Mheshimiwa alikuwa mtu mkubwa, akianza kuongea anasafisha koo kwanza kama pikipiki inakataa kuwaka. "Khm. Khhm. Mimi naona kama, naona kama, huyu mama ni nani?"

"Ni mama wa usafi tu, mheshimiwa," daktari akasema.

"Khm. Na wa usafi ndiye anachagua wagonjwa?"

Hapo suti ilianza kutoa jasho. Akasema besikali. Akasema aktuali. Halafu akakaa.

Mtu moja akapitishwa aende kusomea upasuaji. Wakaandika ripoti kwamba utetezi umefaulu, na kwa hiyo ripoti mimi siko. Jumatatu daktari alikuja akakaa kwa benchi, mara ya kwanza maishani yake, akatueleza mimi na askari wa lango na yule wa kuandika kadi vile mambo yamebadilika. Dakika kama ishirini. Hiyo tu. Dakika ishirini, watoto wangu, jicho ya Mama Emase ilikuwa bei ya dakika ishirini. Wiki ya pili nikapewa barua niende zahanati moja huko Malaba, "kusaidia." Matroni mpya aliniambia na sauti ya asali, "Ni karibu na barabara, mama, utaburudika na malori." Huko ndiko nilimaliza kazi.

Sasa shida yangu kubwa ilikuwa ile jicho ya pili. Ya kushoto nayo ilianza moshi. Nikaenda pale kwa njugu nikachuchumaa mbele yake, nikamwambia twende ipasuliwe sasa, kabla ikomae. Akaendelea kuchambua na vidole, anapapasa.

"Uliniambia ngoja," akasema. "Sasa unaniambia haraka. Ni gani ulidanganya?"

"Niliambiwa vibaya."

"Wewe uliambiwa. Mimi nilipofuka."

Nilienda kila wiki. Nilipostaafu nikaendelea kwenda, maana sasa sikuwa na kazi ingine. Nilimwambia nitamleta daktari mwenyewe aje aseme mbele ya wanawake wote wa njugu kwamba makosa ni ya hospitali. Nikampigia daktari. "Aktuali mama Nabwire, niko semina." Nikapiga tena mwezi iliyofuata. Semina. Mama Emase akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwache asome," akasema. "Labda huko mbele kuna somo ya kutembea."

Na moshi ilikuwa inazidi. Niliona anaweka mawe kwa njugu safi. Wenzake walikuwa wanachambua tena nyuma yake, kimya kimya, mwenye mzigo asijue. Mimi nililala na hiyo jicho na nikaamka nayo.

Halafu akapotea wiki mbili. Nikauliza, wanawake wakaniambia hawajui, na walivyosema, ni kama watu wanajua. Wiki ya tatu nikamkuta amekaa mahali pake, ungo kwa magoti, anatoa mawe tap, tap, tap. Hakupapasa. Nilisimama mbali kidogo. Akasema bila kuinua kichwa, "Hiyo sketi imetoboka nyuma, wewe mwanamke wa fagio."

Alikuwa amevuka mpaka, Uganda. Ameenda akapasuliwa upande ile ingine, na hakuniambia.

"Kwa nini hukuniambia nikupeleke?"

"Sikutaka kukupea hiyo raha."

Nilikasirika. Mpaka leo nimekasirika. Si kwa ajili yake. Yeye ana haki. Nimekasirika kwa sababu mtu wa Adungosi alivuka mpaka kutafuta neno moja ya kuaminika, na sisi tulikuwa nayo kwa ukuta, imewekwa kioo. Nyinyi wenye mnaenda semina leo, nendeni, kuleni hiyo kuku, lakini ukirudi, kabla ya kupigilia cheti, kaa kwa benchi. Mwambie mama wa usafi. Mwambie askari. Mwambie mtu wa pikipiki na mtu wa duka la dawa. Watu wanauliza hao kabla yako. Na kama huwezi kuwaambia, usiende kwa mheshimiwa kutetea macho ya mtu.

Mama Emase hajanisamehe, na hatujaongea hiyo. Ananisukumia ungo tu. Juzi nilikaa karibu naye nikachambua kidogo, nikamrudishia. Akapitisha kidole, akatoa mawe matatu niliyoacha. Akayaweka kwa mkono wangu, moja, mbili, tatu.

"Ulikaa na madaktari wa macho miaka yote hiyo," akasema. "Yako ilipimwa lini?"

Nikafikiri. Haikuwa imepimwa. Hakuna aliyefikiria, hata mimi mwenyewe.

Akanishika kidevu na vidole za njugu, akanigeuza kwa jua, akaangalia katikati kwa ile nyeusi, polepole, vile mimi nilikuwa namwangalia.

"Moshi," akasema. "Kesho tunavuka. Uje mapema, na usinitafsirie."